Shampeni Hujulikana kwa Jirani Yake

Ndugu zangu, wenzangu wa meza hii: wakubwa shikamooni, na wengine wote karibuni.

Nimepewa nusu saa kabla vizibo havijatoka. Najua macho yenu yako pale pembeni kwenye ndoo za barafu, na siwalaumu. Chupa sita zimo. Kila moja imevishwa soksi nyeusi kutoka kitako hadi shingo, karatasi yake ya kung'aa imebanduliwa, na vile vibati vya duara vinavyokaa juu ya vizibo nitavitia mfukoni mara tu waya zitakapofunguliwa, asije mtu akachungulia. Zinatafuta nyuzi 8 hadi 10. Zikifika hapo tutaanza.

Nimekuja kusema jambo moja. Shampeni ikiwa peke yake kwenye glasi haitoi siri zake zote. Inapendeza, inachangamsha, inawafanya watu watabasamu kabla hawajaionja, lakini huijui. Utaijua siku utakapoiwekea jirani, tena jirani anayetofautiana nayo kwa kitu kimoja tu. Zikitofautiana kwa vitu viwili, umeshaanza kubahatisha. Kwa vitatu au vinne, unabaki kusifia lebo.

Kuna kikao kimoja nilichohudhuria zamani ambacho mpaka leo hakinitoki moyoni. Mwenyeji wetu alileta chupa ya nyumba kubwa, yaani kampuni kubwa ya kutengeneza shampeni, ya mavuno yaliyosifiwa sana, iliyokaa ghalani miaka mingi. Lebo tuliiona sote, kwa sababu alipita nayo nyuma ya kila kiti akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Tukamiminiwa. Nikainua glasi, nikanusa, na harufu niliyoipata ilikuwa ya boksi la karatasi lililolowa maji likasahauliwa stoo. Niliipata waziwazi kabisa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, wenzangu wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Basi nikashika kalamu nikaandika: "Uyoga. Majani ya msituni. Ukomavu." Niliandika nisichokinusa, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya jina lililokuwa kwenye chupa.

Mama mmoja aliyeketi mwisho wa meza akauliza kwa upole kama kuna chupa ya pili. Ilikuwepo. Ikafunguliwa, ikamiminwa kwenye glasi ya pembeni. Mvinyo uleule, mwaka uleule. Hatukuhitaji hata kunywa. Ya pili ilinukia lozi zilizokaangwa na ganda la limau. Ya kwanza ilinuka stoo. Watu karibu ishirini wenye pua nzuri walikuwa wamelisifia boksi lililolowa kwa dakika kumi nzima, na sidhani kama kuna maneno ambayo yangewatoa hapo. Glasi ya jirani iliwatoa kwa mnuso mmoja.

Ile chupa ya kwanza ilikuwa imeharibiwa na kizibo. Kuvu wakikutana na michanganyiko ya klorini kwenye gome linalotengenezewa vizibo, huzaa kitu kiitwacho trikloroanisoli, na pua ya binadamu hukinasa hata kikiwa kidogo kupita kiasi. Si kosa la mkulima wala la mchanganyaji, na yeyote mwenye ghala atakutana nalo siku moja. Naomba mlikumbuke, kwa sababu likitokea leo nataka mtu aseme.

Wala hatuko peke yetu katika udhaifu huu. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe, kisha wakawapa mvinyo huohuo ukiwa umetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanasomea kazi hiyo, na bado macho yaliishinda pua. Ikiwa rangi peke yake inaweza kufanya hivyo, jina lenye karne mbili nyuma yake litatufanya nini sisi? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Soksi zile nyeusi nimezivisha ili kila chupa ijiuze yenyewe.

Sasa nieleze kwa nini nang'ang'ania tofauti moja. Ni kwa sababu shampeni imepita mikono mingi mno kabla ya kufika kwenu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na hapa vinavyoelea ni viputo.

Champagne ni eneo la kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, kuzunguka miji ya Reims na Épernay, lenye hekta kama 34,000 za mizabibu. Ni mahali pa baridi kwa zao hili, na zabibu zake huvunwa zikiwa bado na uchachu mkali. Uchachu huo ndio unaousimamisha mvinyo miaka na miaka. Wakulima wa huko wanaulinda kama mboni ya jicho, hasa sasa ambapo majira yanazidi kuwa na joto. Chini ya mizabibu mingi kuna chaki, jiwe jeupe laini linalonyonya maji ya mvua na kuyaachia taratibu wakati wa ukame. Zabibu huchumwa kwa mkono, sheria inataka hivyo, kwa sababu aina mbili kati ya tatu kuu zina ganda jeusi: Pinot Noir na Meunier. Zikipondeka njiani zitatia rangi maji yanayotakiwa kuwa meupe. Ya tatu, Chardonnay, ni nyeupe. Kilo 4,000 zikiingia kwenye shinikizo, zinaruhusiwa kutoka lita 2,550 tu: 2,050 za mwanzo, ambazo ndizo safi zaidi, na 500 za mkamuo unaofuata.

Mvinyo wa kwanza ukishachacha na kutulia, huwa mwembamba, mchachu, na hauna kiputo hata kimoja. Hapo mchanganyaji huonja mamia ya sampuli, za vijiji tofauti, za mashamba tofauti, na za miaka iliyopita zilizowekwa akiba, kisha anaunda mchanganyo. Mchanganyo huo hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari, kama gramu 24 kwa lita, halafu chupa inafungwa. Humo ndani hamira inakula sukari, inatoa kilevi kidogo na hewa ukaa, na hewa ukaa haina pa kutokea. Inajibana mpaka kufikia mgandamizo wa angahewa 5 hadi 6, zaidi ya mara mbili ya ule wa tairi la gari dogo.

Hamira ikishamaliza chakula chake hufa, ikalala kitakoni. Mtu asiyejua angesema kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Hamira iliyokufa huvunjikavunjika polepole gizani na kuuachia mvinyo vitu vinavyoupa harufu ya mkate uliotoka tanurini na ule ulaini unaoukuta katikati ya ulimi. Sheria inataka shampeni isiyoandikwa mwaka ikae ghalani miezi 15 angalau, 12 kati yake ikiwa juu ya hamira, na yenye mwaka wa mavuno ikae miaka 3. Nyumba zinazojiheshimu huvuka hapo kwa mbali.

Kutoa mashapo hayo ya hamira iliyokufa bila kupoteza gesi lilikuwa tatizo la kweli, na aliyepata suluhisho alikuwa mwanamke. Barbe-Nicole Ponsardin wa Reims alifiwa na mumewe mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 27, akashika biashara yake. Dunia inamjua kama Veuve Clicquot, yaani Mjane Clicquot. Meza yenye matundu, ambamo chupa huchomekwa kichwa chini na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka mashapo yote yashukie shingoni, inahesabiwa kuwa ilianzia kwenye ghala lake mwaka 1816. Siku hizi shingo hugandishwa, kifuniko kikafunguliwa, kibonge cha barafu kikaruka pamoja na mashapo yake, pengo likajazwa mvinyo wenye sukari kidogo, na kizibo kikapigwa.

Namtaja mjane kwa makusudi, kwa sababu wengi humtaja mtawa peke yake. Dom Pierre Pérignon alikuwa mtunza ghala wa abasia ya Hautvillers kuanzia 1668 hadi alipofariki mwaka 1715. Hakuvumbua viputo. Mwaka 1662, kabla hajaanza kazi hapo, Mwingereza Christopher Merret alikuwa ameshawasilisha mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, andiko lililotaja kutia sukari kwenye mvinyo ili uchangamke na kutoa povu. Sifa ya haki ya Pérignon ni ustadi wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko viputo vyenyewe.

Basi hesabuni wenyewe. Aina ya zabibu, kijiji, mwaka, mvinyo wa akiba, pipa la mwaloni au tangi la chuma, muda juu ya hamira, sukari ya mwisho, tarehe ya kutolewa mashapo. Mkiniwekea glasi mbili, moja ya Chardonnay tupu kutoka Le Mesnil-sur-Oger, yenye mwaka, isiyotiwa sukari, iliyokaa miaka 8 juu ya hamira, na nyingine ya Meunier kutoka bonde la Marne, isiyo na mwaka, yenye gramu 9 za sukari, mkaniuliza ipi bora, nitawajibu mapenzi yangu. Sitaweza kuwaambia kilichofanya ile iwe vile na hii iwe hivi. Na mapenzi yangu hayana faida kwa mtu mwingine yeyote mezani.

Mnakumbuka tulichofanya kikao kilichopita. Kwa wale ambao hawakuwepo, nitakieleza polepole, kwa sababu mnaweza kukifanya popote palipo na chupa moja na bomba la sindano. Tulichukua shampeni moja tu, ya aina ya brut nature, ambayo haiongezwi sukari na huwa nayo chini ya gramu 3 kwa lita. Tukayeyusha gramu 50 za sukari kwenye maji, tukaongeza maji mpaka ujazo ukafika mililita 100. Kisha kila mmoja akawekewa glasi mbili zenye mililita 100 za mvinyo. Kwenye moja tukatia mililita 1.6 za maji ya sukari, ambazo ni sawa na kuongeza gramu 8 kwa lita, yaani kiwango cha kawaida cha shampeni ya brut, ile tunayoiita kavu kwa kuwa haina utamu wa kusikika. Kwenye nyingine tukatia mililita 1.6 za maji matupu. Haya maji matupu wengine waliyaona upuuzi, lakini ndiyo yaliyoulinda ukweli: glasi zote mbili ziliongezewa ujazo uleule na kukorogwa kwa namna moja, kwa hiyo gesi iliyopotea ilipotea sawasawa.

Na tulipata nini? Karibu kila mtu alitegemea kusikia utamu. Wengi hawakuusikia. Walichoandika ni kwamba glasi moja ilikuwa "pana zaidi", "ya mviringo", na tunda lake lilisikika karibu, wakati nyingine ilikata ulimi na kuishia na chumvichumvi ya jiwe. Sukari ile ndogo ilikuwa imefanya kazi ya fremu kwenye picha. Tangu siku ile sijamsikia mtu wa kundi hili akisema kwamba sukari kwenye shampeni ni ya kuficha ubovu, na nilifurahi sana kuliona neno hilo likifa. Inaweza kuficha, ndiyo, ikizidi. Ikikaa pake, inafungua.

Mapenzi ya watu kuhusu utamu yenyewe hayasimami mahali pamoja. Mwaka 2010 wapiga mbizi waliopoa zaidi ya chupa 160 kutoka kwenye meli iliyozama karne ya 19 karibu na visiwa vya Åland, katika Bahari ya Baltiki. Wanasayansi walipoupima mvinyo ule waliukuta na sukari ya zaidi ya gramu 140 kwa lita. Wanywaji wa zama zile wangeionja brut yetu wangekunja uso. Louise Pommery, mjane mwingine wa Reims, ndiye aliyethubutu kutoa shampeni isiyo na utamu kutoka mavuno ya 1874, akiwalenga Waingereza, na taratibu dunia ikamfuata. Majina yaliyobaki kwenye lebo bado yanawachanganya watu: extra dry, ambayo kwa jina ungedhani ndiyo kavu kupindukia, ina gramu 12 hadi 17 na ni tamu kuliko brut, inayotakiwa kuwa chini ya 12. Mkiisoma lebo, isomeni kwa gramu.

Tofauti ninayoipenda kuliko zote ni ya muda. Niliwahi kuwekewa glasi mbili za nyumba moja, mchanganyo mmoja, mavuno ya 2008, mwaka uliotoa mvinyo wenye uchachu uliosimama wima. Chupa zote zilizaliwa siku moja. Moja ilitolewa mashapo mapema, ikakaa miaka kadhaa na kizibo chake. Nyingine ilibaki juu ya hamira mpaka karibuni. Kwa umri ni mapacha. Mdomoni, ile iliyotolewa mapema ilikuwa imekwenda upande wa asali, tofaa lililookwa na njugu, kama mtu aliyetembea na kuona dunia. Ile iliyochelewa ilikuwa na harufu nzito ya mkate, lakini nyuma yake kulikuwa na limau bichi kabisa, kana kwamba imevunwa majuzi. Hamira huulinda mvinyo dhidi ya hewa, ndiyo maana. Nilikaa na glasi zile muda mrefu. Nilielewa mambo ambayo miaka ya kusoma maandishi ya nyuma ya chupa haikuwa imenipa, na tangu hapo, nikiona chupa ambayo mwenyewe ameandika tarehe ya kutoa mashapo, humheshimu mtu huyo hata kabla sijaifungua.

Kuhusu zabibu nitapita haraka, maana mtaonja wenyewe. Chardonnay ya Côte des Blancs, sehemu ya Champagne yenye vijiji kama Cramant na Avize, huja imenyooka, na ladha yake hukaa kwenye ncha na pembeni mwa ulimi. Pinot Noir ya Montagne de Reims, sehemu nyingine ya Champagne, kijiji kama Verzenay, huujaza mdomo katikati. Msizishike sana kanuni hizi. Mkulima hodari anaweza kuzipindua zote mbili.

Hapa niseme kitu kuhusu glasi, kwa sababu ndiko tunakopoteza vikao vizuri.

Gérard Liger-Belair, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Reims aliyeyatumia maisha yake kuchunguza viputo, amekadiria kwamba glasi moja ya shampeni hutoa kama viputo milioni moja. Lakini kiputo hakizaliwi popote tu. Kinahitaji mahali pa kuanzia, na mara nyingi mahali hapo ni kijiuzi kisichoonekana, kilichoachwa na kitambaa cha kufutia au kilichoelea hewani kikatua. Mimina shampeni kwenye glasi laini iliyo safi kupindukia, nayo itakaa karibu kimya. Ndiyo maana watengenezaji wengine wa glasi hukwaruza kitako kwa leza. Kwa hiyo mtu anaposema mbele yenu kwamba mvinyo huu ni bora kwa sababu nyuzi za viputo vyake ni nyingi na nyembamba, jueni kwamba kwa sehemu kubwa anaisifu glasi, au kitambaa. Mabaki ya sabuni nayo huua povu papo hapo. Glasi za leo zimeoshwa kwa maji ya moto matupu, zikapinduliwa zikauka, na zote zimetoka kwenye boksi moja. Asibadilishe mtu glasi yake tafadhali, hata kama ya jirani inachangamka zaidi.

Umbo tumechagua la tumbo pana kidogo na mdomo uliojikusanya. Glasi nyembamba ndefu inapendeza macho, ila pua haina nafasi humo. Na ile pana kama bakuli hupoteza gesi na harufu kabla hujakaa sawa. Tutamimina kwa kuinamisha glasi, mvinyo ukiteleza ubavuni. Liger-Belair na wenzake walipima jambo hili mwaka 2010 wakakuta kwamba kumimina hivyo huhifadhi gesi nyingi zaidi kuliko kumimina wima katikati, hasa mvinyo ukiwa wa baridi.

Na baridi nayo isizidi. Shampeni iliyotoka kwenye barafu kali imefungwa mdomo. Mkiona ya kwanza haisemi kitu, ishikeni kwa viganja dakika mbili, rudini tena. Zile zilizokomaa zinastahili hata nyuzi 12. Mvinyo mmoja unaweza kuwa wa tano kwenye karatasi yako saa hii, ukapanda hadi wa kwanza baada ya robo saa, na aliyeupuuza mapema ameukosa.

Sasa utaratibu wa leo. Chupa sita hizi ni jozi tatu. Jozi moja inatofautiana kwa zabibu tu: mkulima mmoja, mwaka mmoja, sukari ileile, muda uleule juu ya hamira, lakini moja ni Chardonnay tupu na nyingine ni Pinot Noir tupu. Jozi ya pili inatofautiana kwa muda juu ya hamira tu. Jozi ya tatu haitofautiani kwa chochote. Ni mvinyo uleule, tarehe ileile ya kutolewa mashapo, umetoka katoni moja, ukakaa kwenye chupa mbili. Nimeziweka jozi zikiwa pamoja, ila sitasema ipi ni ipi.

Jozi ile ya mapacha naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Inatupa kipimo. Mtu akiona tofauti kubwa kati ya glasi mbili zilizo mvinyo mmoja, ajue kwamba kiasi hicho cha tofauti kinatoka kwake mwenyewe: kwa uchovu wa ulimi, kwa glasi iliyotangulia, kwa alichokitarajia. Kisha arudi kwenye jozi nyingine na kuuliza kama tofauti aliyoiandika pale inazidi hiyo. Tusipokuwa na mapacha mezani, kila tunachokisikia tunakiita cha mvinyo.

Tutaonja kimya dakika kumi na tano. Kimya kabisa, hata "mmm" naomba muimeze, kwa sababu mguno mmoja wa mtu anayeheshimika hubadilisha karatasi za watu sita. Andikeni kwa maneno yenu. Mkinusa kitu ambacho hamjawahi kukisikia kikitajwa mezani, kama vile ukuta uliopakwa chokaa jana, au blanketi lililoanikwa juani, andikeni hichohicho. Naogopa zaidi karatasi sita zenye maneno yaleyale ya vitabuni. Chombo cha kutemea kiko mbele ya kila mtu, na kutema hapa ni heshima kwa mvinyo, maana gesi huharakisha kilevi mwilini na glasi ya sita inastahili mtu yuleyule aliyeonja ya kwanza.

Baada ya hapo tutazungumza, na atakayeanza ni mgeni zaidi kati yetu. Dada yetu uliyejiunga leo, ni wewe. Atakufuata mwenzako wa pili kwa ugeni, hivyohivyo mpaka kwa wazee wa meza, na mimi niliyezivisha soksi nitanyamaza mpaka mwisho. Mkubwa akishatamka, mdogo hukunja karatasi yake; nimeliona hilo mara nyingi, nami nililifanya siku ile ya boksi lililolowa. Atakayesema "hii imeharibika" asikilizwe kwanza, na tuna chupa ya akiba ya kila aina kule nyuma kwa ajili hiyo.

Kipimajoto kinasema nyuzi 9.

Nafungua ya kwanza. Waya huachia kwa nusu mizunguko sita, na tangu unapoachia, dole gumba langu halitoki juu ya kizibo. Kizibo nakishika kikae tuli. Kinachozunguka ni chupa, taratibu, kutokea kitakoni. Mnaisikia ikijisukuma yenyewe? Naizuia kuliko kuivuta. Ikitoka vizuri sauti yake haizidi pumzi ya mtu aliyelala.

Hiyo hapo.

Glasi namba moja ni ile ya kushoto kwenu kabisa. Shikeni kalamu.